Ununue gemu gani kama unataka makinda wakue kama binadamu

Mwanasoka Freddy Adu alisaini D.C. United ya Marekani akiwa na miaka 14 tu, akaanza kuchezea timu hiyo mwaka 2004 huku akiitwa Pelé mpya. Hakufika huko. Jamie Vardy naye alikuwa daraja la tano na Fleetwood Town, akasajiliwa Leicester mwaka 2012 akiwa na miaka 25, na 2016 akawa bingwa wa England. Mtu akiniuliza anunue gemu gani, naangalia kwanza kama hawa wawili wanaweza kutokea ndani yake.

Namba moja ni Football Manager, gemu ya kuwa kocha wa timu ya soka, wala haina mpinzani wa karibu. Kila mchezaji ana uwezo wa sasa na kikomo cha kipaji, kwa mizani inayofika 200, na vyote viwili vimefichwa. Unaambulia makisio ya maskauti wako. Kinda mwenye kikomo cha 170 anaweza kuishia 120 kwa sababu hajitumi mazoezini, umemsugulisha benchi, au goti limemsumbua misimu miwili. Huyo ndiye Adu. Uzee nao haujabuniwa ovyo: kasi inashuka mapema, ila maamuzi na kujipanga vinabaki, hivyo beki wa miaka 33 bado ana kazi. Kasoro ni kwamba kikomo hakibadiliki tangu unapoanza mchezo wako, kwa hiyo Vardy aliyepewa kikomo kidogo atabaki hukohuko chini. Chukua FM26, yaani Football Manager 26. Ukiuziwa FM25, kimbia: ilifutwa Februari 2025 bila kutoka. Kwenye simu, toleo la Mobile liko Netflix.

Ya pili ni NBA 2K, gemu ya mpira wa kikapu, lakini kwa ajili ya sehemu yake iitwayo MyNBA peke yake. Unaendesha klabu, wachezaji wana umri wa kufikia kilele na wa kuporomoka, na kasi ya kukua unairekebisha mwenyewe. Kabla hujalipa, hakikisha unachonunua si diski ya PS4, maana MyNBA haimo humo.

EA Sports FC, gemu ya soka iliyokuwa ikiitwa FIFA, naiweka ya tatu, na najua wengi watanuna. Kwa kucheza na padi mkononi inanoga kuliko zote hapa. Hata Vardy ana nafasi, kwa kuwa kikomo cha kipaji cha mchezaji hupanda au kushuka kulingana na anavyocheza. Tatizo ni Adu: ukimpa kinda dakika, karibu kila mmoja anakuwa nyota, na baada ya misimu michache kikosi chako kimejaa wafalme wa miaka 21.

Ya mwisho ni MyCareer, sehemu ya kuchezea mchezaji mmoja uliyemuunda, humohumo ndani ya NBA 2K. Kijana wako anapanda kwa VC, yaani sarafu za ndani ya gemu, na VC zinauzwa kwa pesa halisi; mwenye mfuko mnene anakuwa hodari jioni ileile aliyofungua gemu. Ukiitaka hiyohiyo, tenga hela ya VC mbali na bei ya gemu.