Udongo wa Vyungu kutoka Kitalu cha Barabara ya Pangani, Tanga: Tathmini kwa Wanaopanda Mboga Nyumbani

Mkazi wa Tanga anayetaka kupanda nyanya, bilinganya au pilipili mbuzi uani kwake hukabiliana kwanza na ardhi yenyewe. Raskazone na mitaa mingine iliyo jirani na bahari imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na ukisogea bara kidogo unakutana na mawe ya chokaa, yaleyale ambayo maji yaliyatoboa yakawa mapango ya Amboni na ambayo leo yanakilisha kiwanda cha saruji cha Pongwe. Udongo utokanao na mawe hayo una chokaa nyingi, na pH yake (kipimo cha uchachu, ambapo namba ikipanda uchachu hupungua) mara nyingi hupita 7.5, ilhali nyanya na pilipili hustawi zaidi kati ya 6.0 na 6.8. Dalili yake ni rahisi kuitambua: majani machanga ya kileleni hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Madini ya chuma yamo udongoni, lakini chokaa imeyafunga na mizizi haiwezi kuyanyonya. Wengi wakiona manjano hayo hukimbilia urea, mbolea ya naitrojeni, nayo haisaidii kitu, kwa kuwa upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini yaliyokomaa, si kileleni.

Kwa sababu hiyo, kununua udongo si anasa kwa mtu wa mji huu, na ndiyo maana nimeona inafaa kueleza kwa kirefu udongo unaouzwa katika kitalu kimoja cha miche kilichopo kando ya barabara iendayo Pangani. Kitalu hicho kinauza aina tatu: udongo mwekundu uliochekechwa, mchanganyiko kamili wa vyungu, na udongo mweusi wa bei nafuu. Hukumu yangu ni kwamba mchanganyiko kamili unastahili kila shilingi, udongo mwekundu unawafaa wanaojua kuchanganya wenyewe, na ule mweusi usinunuliwe.

Nianze na mchanganyiko kamili, kwa kuwa ndio wenye mengi ya kusemwa. Msingi wake ni udongo mwekundu unaoletwa kutoka upande wa Muheza. Niliuweka kidogo kwenye kisahani ukiwa mkavu, nikaudondoshea siki, na haukutoa povu hata chembe. Udongo wa uani kwangu, kwa jaribio lilelile, ulichemka papo hapo na kutoa mlio unaosikika. Povu hilo ni chokaa inayokutana na tindikali, na jaribio hili halimgharimu mtu zaidi ya kijiko cha siki, kwa hiyo kila mnunuzi alifanye kabla ya kupakia mzigo. Ndani ya udongo huo huongezwa mboji, makumbi ya nazi yaliyosagwa na pumba za mpunga zilizounguzwa zikabaki nyeusi bila kuwa majivu. Pumba hizo hazilishi mmea sana, lakini zinaacha nafasi za hewa ambazo udongo wa mfinyanzi wa Muheza, ukiwa peke yake ndani ya ndoo, ungeziziba baada ya kumwagiliwa mara chache.

Kinachokitofautisha kitalu hiki na wauzaji wengine, kwa maoni yangu, ni namna kinavyoyashughulikia makumbi. Pwani yetu makumbi mengi hulowekwa kwenye maji ya bahari ili yalainike na kutolewa nyuzi za kusokotea kamba, na vumbi linalobaki huwa limejaa chumvi. Mtu akilichanganya hivyo hivyo kwenye chungu, kingo za majani huungua na utando mweupe hujitokeza kwenye ukingo wa chungu maji yanapokauka, na mpandaji hudhani kwamba hamwagilii vya kutosha. Hapa niliyaona makumbi yakilowekwa ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi, maji yakitoka na rangi ya chai, yakimwagwa na kuwekwa mengine, hadi yanayotoka yawe karibu meupe. Mama anayesimamia kazi hiyo aliniwekea kiganjani bonge lililolowa akaniambia, “Bonyeza, mwanangu, usitazame rangi.” Nilipobonyeza lilishikana, matone machache yakapenya kati ya vidole, kisha nilipoligusa kwa kidole gumba likafumuka lote. Udongo wa chungu unapaswa kufanya hivyo hasa: ukibaki donge umezidi mfinyanzi, na ukikataa kushikana kabisa umezidi kichanga na hautahifadhi maji kwa jua la Tanga.

Mboji yao hutengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na mbuzi pamoja na mabaki ya mkonge, jambo lililonifurahisha sana, kwani nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge na sehemu kubwa iliyobaki hutupwa. Mabaki hayo yakiwa mabichi ni machachu na hayafai kuguswa na mizizi, lakini yakirundikwa na samadi, yakapinduliwa na kunyunyiziwa maji hadi yapoe, yanageuka kuwa mboji laini. Niliingiza mkono ndani ya lundo lililo tayari: halikuwa na joto wala ule ukali wa mkojo unaochoma pua, nayo ndiyo dalili kwamba samadi imeiva.

Udongo mweusi ni habari nyingine kabisa. Weusi wake unatokana na vumbi la mkaa, na umejazwa maranda ya mbao ambayo hayajaoza. Viumbe vidogo vinavyoozesha maranda huhitaji naitrojeni nyingi, na kwa kuwa maranda hayana naitrojeni ya kutosha, viumbe hivyo huichukua ile iliyokusudiwa mmea. Nyanya zilizopandwa humo hudumaa na kupauka kuanzia majani ya chini. Inasikitisha kuona udongo huu ukinunuliwa kuliko aina zote, kwa sababu tu macho ya wengi yamezoea kuamini kwamba cheusi ndicho chenye rutuba.

Hata mchanganyiko kamili una kasoro, na ni haki kuzitaja. Kwanza, viroba havina maelezo yoyote, hivyo mnunuzi hana budi kuuliza lundo limetengenezwa lini. Pili, mchanganyiko hushuka: ndoo ya lita 20 iliyojazwa hadi ukingoni hupungua kiasi cha vidole viwili baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo ni vema kubakiza akiba ya kujazia. Tatu, na hili ndilo kubwa, udongo mwekundu hauuawi vijidudu kwa joto kabla ya kuchanganywa. Ukiwa umechotwa kwenye shamba lililolimwa nyanya, unaweza kubeba ugonjwa wa mnyauko au ile minyoo isiyoonekana kwa macho ambayo huifanya mizizi iote mafundo. Kwa anayepanda mchicha au sukuma wiki hatari si kubwa, lakini kwa nyanya nashauri udongo utandazwe kwa kina kisichozidi sentimita 20, uloweshwe, na ufunikwe kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni kwa wiki 4 hadi 6 kipindi cha Januari na Februari, jua linapokuwa kali. Nailoni nyeusi haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu huzuia miale isifike udongoni.

Bei ya mchanganyiko ni karibu mara mbili ya udongo mweusi, na bajaji hubeba viroba vya kutosha ndoo kadhaa. Wahudumu ni wapole na hawachoki kuulizwa. Anayekwenda wakati wa masika aombe kupakiliwa kutoka lundo lililo chini ya paa la makuti, kwani yale yaliyo wazi hunyeshewa kuanzia Machi hadi Mei na virutubisho vyake huchujwa na mvua, ilhali yanauzwa kwa bei ileile.