Uzoefu wangu ubalozini: nimeibiwa pasipoti, getini wananidai pasipoti

Nani aliyeweka utaratibu kwamba mtu aliyeibiwa pasipoti aoneshe pasipoti ndipo aruhusiwe kuingia kuripoti kwamba ameibiwa? Anayehusika anijibu, maana swali hilo niliuliza kwenye geti la ubalozi wetu nikakatiwa mawasiliano.

Nchi na mji sitavitaja. Wafanyakazi wa pale ni wachache, na sitaki anayestahili shukrani achanganywe na anayestahili lawama.

Mkoba wangu uliibiwa stesheni, siku chache kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Pasipoti, kitambulisho, kadi za benki, vyote vikaenda. Simu ilipona kwa sababu ilikuwa mkononi. Polisi wa nchi ile waliniandikia ripoti yenye muhuri bila maneno mengi, na wao ndio walionielekeza: nenda ubalozini kwenu, hiyo ndiyo kazi yao. Hata askari wa kigeni anaijua kazi hiyo! Imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsula, yaani huduma za nchi kwa raia wake walioko ugenini, ibara ya 5: kuwapa raia pasipoti na hati za kusafiria, na kuwasaidia. Ule wa 1961 unaohusu balozi, ibara ya 3, nao unataja kulinda maslahi ya nchi na ya raia wake mapema kabisa, kabla ya mazungumzo ya serikali kwa serikali, kabla ya kukuza urafiki na uchumi.

Jengo lenyewe ni zuri, sisemi uongo. Bendera safi, nembo ya taifa imeng'arishwa, bustani imetunzwa. Nilipoiona ile bendera mwili ulilegea kwa nafuu, nikajua nimefika kwetu.

Mlinzi ni mwenyeji wa nchi ile, simlaumu, ameagizwa. Alinionesha kisanduku cha kuongelea kilichobandikwa ukutani. Nikabonyeza, ikatoka sauti ya dada mmoja, kwa Kiswahili. Nikamsalimia. Hakuitikia. Nikaeleza shida yangu mwanzo hadi mwisho, akasema neno moja: "Kitambulisho." Nikamwambia dada yangu, ndicho kilichoibiwa, ripoti ya polisi hii hapa, na picha ya pasipoti ninayo kwenye simu, naomba mtu aje aione. "Picha si kitambulisho. Miadi unayo?" Miadi huombwa kwenye tovuti, na nafasi ya karibu iliyokuwapo ilikuwa baada ya tarehe ya ndege yangu. Nikamweleza na hilo. "Dada, unatupotezea muda. Rudi na kitambulisho." Akakata. Nikabonyeza tena na tena, hakuna aliyepokea.

Nimesimama pale pale, likaja gari la kushusha viti vya hafla. Geti likafunguliwa. Viti vikaingia.

Kabla mtu hajaniambia habari za usalama, nazijua. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa siku moja, watu zaidi ya 200 wakafa, na wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokuwa kwenye shughuli zao. Mwaka 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa, na Wamarekani 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Kwa hiyo nipekuliwe, nipitishwe kwenye mashine, nivue viatu, nisubiri nje wanapohakiki maelezo yangu. Sina neno. Ila pale hakuna aliyehakiki chochote. Hakuna aliyetoka hata kuutazama uso wangu na kuulinganisha na picha.

Tena watu wengi husema ubalozi ni kipande cha ardhi yetu ugenini. Si hivyo. Ardhi hubaki ya nchi mwenyeji. Kinacholindwa na ibara ya 22 ya mkataba wa 1961 ni jengo: askari wa nchi ile haingii bila ridhaa ya mkuu wa ubalozi, na serikali yao ina wajibu wa kulilinda lisivamiwe. Na utangulizi wa mkataba huo huo unasema wazi kwamba kinga hizi si za kumnufaisha mtu binafsi, ni za kuwezesha kazi za ubalozi zifanyike vizuri. Yule dada wa kwenye kisanduku anakaa nyuma ya ukuta ambao dunia nzima imekubaliana kuuheshimu, halafu anautumia kujikinga na raia wake mwenyewe.

Ndiyo maana hasira haziishi. Julian Assange, raia wa Australia aliyeanzisha WikiLeaks, tovuti ya kufichua siri za serikali, aliingia ubalozi wa Ecuador jijini London mwaka 2012 na kukaa humo hadi 2019. Aliingia akiwa mgeni kabisa, akahifadhiwa karibu miaka saba. Raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya akikwama mahali ambapo nchi yake haina ubalozi, ana haki ya kwenda ubalozi wa nchi nyingine mwanachama akahudumiwa kwa masharti yale yale ya raia wa nchi hiyo. Mimi nilikuwa mbele ya ubalozi wangu mwenyewe, naongea Kiswahili, nimeachwa kando ya barabara.

Nikaanza kuwafikiria wenye shida kubwa kuliko yangu. Ibara ya 36 ya mkataba wa 1963 inataka mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba anayo haki ya ubalozi wake kujulishwa. Marekani haikuwaambia hivyo ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, waliokamatwa Arizona mwaka 1982. Walinyongwa? Hapana, mmoja alichomwa sindano ya sumu na mwingine akauawa kwa gesi, mwaka 1999. Ujerumani ikaipeleka Marekani Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mwaka 2001 ikashinda. Nchi inasimama mahakamani kwa ajili ya watu wake hata baada ya kuwapoteza. Sasa mama wa kijana wetu aliyewekwa ndani kule akipiga simu ubalozini, anapokelewa na nani? Na ile sauti? Nikiliwaza hili silali.

Aliyeniokoa ni afisa wa konsula, mzee wa makamo, aliyekuwa anarudi kwa miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba binti. Mbona umesimama juani?" Nikampa ripoti ya polisi. Aliisoma yote, akazungumza na mlinzi, nikapekuliwa vizuri, nikaingizwa ndani, nikapewa kiti na maji. Akaingiza namba ya pasipoti kwenye kompyuta na sura yangu ikatokea. Akanihoji kuhusu nilikozaliwa, nilikosoma, majina ya wazazi, akampigia simu kaka yangu kuhakikisha. Akaniandikia hati ya dharura ya kusafiria, ya safari moja ya kurudi nyumbani, na mchana ule ule nikatoka nayo. Akaniomba radhi kwa niaba ya ofisi, jambo ambalo hakupaswa kulibeba yeye. Kwa huyu mzee sina la kusema zaidi ya Mungu amzidishie. Akiwapo yeye, huduma ni nzuri mno, nampendekeza kwa yeyote.

Lakini nilipokuwa ndani ya ndege niliyapitia tena mambo yote nikakasirika upya, tena zaidi. Kompyuta ile ilikuwa mezani wakati ule ule ninafukuzwa! Namba ya pasipoti nilikuwa nayo, ilitosha kubonyezwa tu. Kwa hiyo mitambo haikuwa na kasoro, na sheria wala haikuwazuia. Ni mtu mmoja aliyeona uvivu kusimama kwenye kiti chake. Na kama yule mzee angekuwa likizo siku ile? Ningelala wapi, bila kadi ya benki, bila karatasi ya kuonesha mimi ni nani?

Ukifika pale ukakwamishwa na kisanduku, usiondoke. Taja kwamba unaomba hati ya dharura ya kusafiria na kwamba unataka kuzungumza na afisa wa konsula mwenyewe, kwa cheo hicho hicho. Ripoti ya polisi ishike mkononi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kati ya tano, kwa kuwa mwishowe nilisaidiwa. Hapana. Nawapa moja, na hiyo moja ni ya yule mzee peke yake.