Kamera haina neno, ila lenzi yao na yule kijana wa kaunta!

Nimelivumilia hili muda nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo.

Mteja wangu alitaka picha ya wavuvi wa Feri, soko la samaki hapa Dar, ifunike ubavu wa jengo linalojengwa mjini, juu mpaka chini kama mita 20. Nikaenda kukodi kamera ya Fujifilm GFX 100S na lenzi yake kwenye duka moja maeneo ya Posta. Jina nalihifadhi. Sifa za kamera mtazisoma wenyewe.

Dar hii tunaijua: joto, unyevu, chumvi ya bahari. Lenzi ukiifungia kwenye begi miezi na miezi, ukungu unaota ndani ya vioo na kutambaa kama utando wa buibui. Mimi lenzi yoyote ya kukodi namulika kwanza kwa tochi ya simu, upande wa nyuma. Nikamulika pale pale kaunta. Ukungu huo!

Nikamwonyesha kijana. Hata hakuinama kutazama. "Dada, hiyo haionekani kwenye picha." Nikamwambia nitapiga nikielekea jua, itaonekana. Akaniangalia juu mpaka chini: "Bosi wako yuko wapi? Mpigie niongee naye."

Bosi wangu! Kampuni ni yangu, na pesa aliyokuwa anaihesabu ni yangu.

Halafu ndiyo akaanza kunifundisha. Eti jengo zima lazima lichapwe nukta 300 kwa inchi, eti kamera yangu ya Nikon D850 "haigusi" kazi hiyo. Jamani. Mita 20 kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zaidi ya 236,000 kwa upande mmoja tu. Hata hiyo Fuji aliyokuwa ananikodisha upande wake mrefu una pikseli 11,648. Nukta 300 ni za jarida unaloshika mkononi. D850 ina 8,256 upande mrefu. Ukizitandaza kwenye mita 20, kila pikseli inakuwa milimita mbili na nusu hivi, na mtu aliye ng'ambo ya barabara hana jicho la kuzitenganisha. Mwaka 2015 Apple walijaza mabango makubwa ya barabarani kwa picha za iPhone 6, simu ya megapikseli 8, yaani pikseli milioni 8. Isitoshe, kitambaa cha kufunika jengo kina matundu ili upepo upite, na matundu hayo yanakula sehemu ya picha kabla mtazamaji hajafika.

Mtaniuliza, sasa Fuji ya nini? Kwa sababu mteja alitaka kukata vipande vya picha hiyo hiyo kwa kazi nyingine, na ncha ya chini ya kitambaa inafika karibu kabisa na wapita njia. Hapo pikseli za ziada zina kazi. Ningemweleza yule kijana, kama angeuliza.

Lenzi nyingine hawakuwa nayo na kazi ilikuwa alfajiri, nikaibeba hiyo hiyo. Feri, mashua zinaingia, jua linapanda upande wa Kigamboni, ndicho nilichokuwa nakitaka. Kila picha niliyoelekeza kwenye mwanga ilipauka. Weusi wa mashua ukawa kijivu, kwa kuwa ukungu unatawanya mwanga ndani ya lenzi, na megapikseli hata ziwe elfu hazirudishi weusi uliopotea. Zinakuonyesha tu huo mpauko kwa ukubwa zaidi.

Narudisha vifaa, anasema, "Hizo ni setingi zako." Kisha akakata kwenye dhamana yangu, eti miguu ya stendi ina mchanga. Ufukweni ulitaka iwe na nini, lami?

Lakini niseme na haki ya kamera. Nilipogeuka, jua likawa mgongoni, picha zilitoka ambazo sijawahi kuzipata. Mzee mmoja anakunja nyavu: unaona uzi uliokatika, unaona magamba kwenye kucha, na kivuli chini ya kofia kina rangi ndani yake. Mteja alichagua hiyo, ikachapwa, imetundikwa, na nikipita na daladala nainua shingo kama mgeni wa mji. Nikon ingetosha? Kwa jengo, ingetosha kabisa. Kwa zile kucha, sina hakika tena, na hilo linaniudhi zaidi.

Nilianza nimeweka nyota moja. Nikafika hapo kwa mzee nikapandisha tatu. Nikikumbuka "bosi wako yuko wapi" nashusha tena. Basi ziwe mbili: moja ya kamera, na moja ya mlinzi wa pale mlangoni, aliyenibebea sanduku mpaka kwenye bajaji akaniambia, "Pole mwanangu, yule ndivyo alivyo kwa kila mtu."