Sauti inakatika: ununue memori kadi mpya au uongeze bafa?

Kinasa sauti cha kujiundia kikianza kukata katikati ya matari ya Maulidi, pale msikiti wa Riyadha, Lamu, wengi hukimbilia duka la simu kutafuta kadi yenye kasi zaidi. Mimi naanzia kwenye bafa, yaani sehemu ya RAM inayoshikilia sauti kwa muda kabla haijaandikwa kwenye kadi.

Hesabu yenyewe ni hii. Stirio ya biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, huandika baiti 176,400 kila sekunde. Kadi ya Class 10 huahidi angalau megabaiti 10 kwa sekunde, zaidi ya mara hamsini ya hitaji hilo. Kasi ipo tele. Kinachoharibu sauti ni kusita: kadi husimama kidogo kupanga mambo yake ya ndani, na kanuni za SDHC (aina ya memori kadi) zinairuhusu kusita hadi milisekunde 250 katika uandishi mmoja. Muda huo ni baiti 44,100 zinazosubiri pa kukaa. Bodi ndogo ya Arduino Uno R3 ina RAM ya kilobaiti 2 tu, kwa hiyo zinapotea. Bodi ya ESP32 ina kilobaiti 520, zinaenea vizuri.

Kadi mpya hushinda ikiwa ya sasa ni feki (ipime kwanza kwa F3, programu ya kugundua kadi feki), au ukicheza mafaili mengi ya ngoma kwa pamoja. Hapo usomaji unarukaruka kutoka faili hadi faili, na alama ya A1 kwenye kadi, inayoahidi usomaji 1,500 wa namna hiyo kwa sekunde, ina thamani. A2, alama ya juu yake, usiilipie zaidi: faida yake hutaka kifaa kinachoijua, na bodi zetu ndogo kwa kawaida haziijui.