Google Calendar kwa mwanafunzi wa Mombasa: saa mbili ya nani?

Kwa kitu kisicholipiwa hata shilingi, Google Calendar inamfaa mwanafunzi wa chuo kuliko ile diary inayonunuliwa Januari na kusahaulika Machi. Vipindi ukishaviingiza, hata bando likiisha bado unaviona na arifa zinalia. Lakini kwa mtu wa Mombasa ina kasoro moja kubwa: saa yake si saa yetu.

Kiongozi wa darasa akiandika kwenye WhatsApp "kipindi kimehamishwa, Jumatano saa nane," kidole kinakimbilia 8:00, na simu inakuhangaisha asubuhi kwa kipindi cha 14:00. Dawa ni kuweka simu kwenye mfumo wa saa 24, kisha kuandika saa ya Kiswahili ndani ya jina la tukio: "Takwimu, saa nane mchana". Namba na maneno yakipingana, utaliona kosa mapema.

Usiku ni mtego mbaya zaidi. Kwenye Moodle, tovuti ambako vyuo huweka masomo na kupokea kazi, makataa ya asaimenti huweza kusomeka "Ijumaa 00:00". Hiyo ni dakika ya kwanza ya Ijumaa; Alhamisi ikikatika tu, muda umekwisha. Anayejiambia "nitatuma Ijumaa usiku" amechelewa karibu siku nzima. Wazee wa Pwani hapa hawangekosea, maana kwao usiku wa Ijumaa ndio ule unaotangulia mchana wake. Makataa ya namna hiyo yaandike Alhamisi 20:00, ubaki na saa nne za kupigana na mtandao na faili linalokataa kupanda.

Vipindi vya kila wiki viingize mara moja. Fungua tukio, chagua lijirudie kila wiki, na uweke mwisho: kama muhula una wiki 14, likome baada ya mara 14. Wengi huruka hatua hii, na likizo nzima simu inawaita darasani. Ukiongeza kalenda ya sikukuu za Kenya, Mashujaa na Jamhuri zitakaa mahali pake, ila tarehe ya Idd usiiamini mpaka mwezi uandame.

Asaimenti nazo zinataka arifa zaidi ya moja. Inayokuja yenyewe hulia muda mfupi tu kabla, wakati huna la kufanya ila kusikitika. Tukio moja hubeba hadi arifa tano. Tatu zinatosha: wiki moja kabla, siku mbili kabla, saa sita kabla. Kazi ndefu kama term paper ivunje iwe matukio matatu yenye tarehe zake (kusoma, kuandika, kusahihisha), kwa sababu kalenda haijui kwamba kurasa 20 haziandikwi usiku mmoja.

Arifa zisipolia kabisa, kwa kawaida mkosaji ni simu. Simu nyingi za bei nafuu hufunga programu ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya programu, chagua Calendar, nenda kwenye betri na uiondolee vikwazo. Hata hivyo arifa hulia mara moja tu na kuzama chini ya meseji za magrupu. Kwa kipindi cha saa mbili asubuhi tegea kengele ya saa, usitegemee kalenda. Na kama unatoka Likoni kwenda Tudor, feri iwe tukio lake peke yake: kuvuka ni dakika chache, foleni ndiyo haina hesabu.

Moodle inaweza kuunganishwa moja kwa moja: kwenye kalenda yake tafuta sehemu ya kuhamisha, nakili kiungo, ukibandike Google Calendar kupitia kivinjari, maana programu ya simu haina nafasi hiyo. Ni rahisi, lakini usiitegemee peke yake. Mhadhiri akisogeza tarehe, mabadiliko huchukua saa nyingi kufika, na matukio yaliyoingia kwa njia hii hukaa kimya mpaka uyawekee arifa mwenyewe.

Kinachokosekana kabisa ni muhula mzima kwa jicho moja. Kwa hilo karatasi ya manila ukutani bado inashinda: safu 14, moja kwa kila wiki, CAT (majaribio ya katikati ya muhula) na makataa kwa kalamu nyekundu, na wiki yenye vitu vinne inajionyesha yenyewe.

Darasa likitaka kalenda ya pamoja, mmoja aifungue kwenye kompyuta na kuwapa wenzake ruhusa ya kuona tu. Wakipewa ya kuhariri, mtu atafuta kipindi akidhani anakifuta kwake peke yake, nacho kitatoweka kwa wote. Kikitokea hicho, mwenye kalenda akitafute kwenye pipa la taka. Hukaa humo siku 30.