Uzoefu wangu na Zoom F3: maongezi, nyatiti na karatasi moja yenye sahihi

Kama unatengeneza filamu fupi Nairobi kwa pesa za mfukoni mwako, na kwenye seti hakuna mtu ambaye kazi yake ni sauti tu, nunua rekoda ya sauti ya Zoom F3 kabla hujafikiria lenzi nyingine. Nimeitumia kurekodi maongezi yote ya filamu yangu, kisha nikarekodi nayo muziki wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa filamu hiyo hiyo, na ni hilo la pili lililonifanya nikae chini kuandika. Kwa maongezi inasifiwa na wengi. Sijasikia watu wakisema kwamba rekoda hii, ukiiambatanisha na makubaliano yaliyotiwa sahihi, inakuondolea ule mzigo wa leseni za muziki ambao umezikalisha filamu nyingi za wenzetu kwenye kompyuta, hazionyeshwi popote.

Yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani. Inakula betri mbili za AA, inahifadhi kwenye kadi ya microSD, na ina matundu mawili ya XLR ya kuchomekea maiki, yenye kufuli, waya hauchomoki mtu akiukanyaga. Haina maiki ya ndani, kwa hiyo usiinunue ukidhani utaiweka mezani ianze kazi. Na haina kitufe cha kuongeza au kupunguza kiwango cha sauti inayoingia. Hapo ndipo waliozoea rekoda za zamani hushtuka.

Sababu ni kwamba inarekodi kwa biti 32 za floti (32-bit float) peke yake. Kila tundu lina vigeuzi viwili vya kugeuza sauti kuwa namba, vinavyofanya kazi pamoja, kimoja kikisikiliza sauti ndogo na kingine sauti kubwa, na faili inayotoka inabeba zote. Kiwango unakipanga baadaye wakati wa kuhariri. Maana yake kwa mtu wa bajeti ndogo ni hii: anayeshika maiki anabaki na kazi moja tu, kuielekeza mdomoni mwa anayeongea.

Nitoe mfano wa tukio lililonishawishi. Tulikuwa tunapiga picha kwenye nyumba ya vyumba viwili huko Umoja. Mama na mwanawe wa kiume wananong'onezana ili wasimwamshe mtoto mchanga, halafu ghafla mama anamkemea kwa sauti ya juu kabisa. Kwa rekoda ya biti 24 lazima uchague. Ukitegea mnong'ono, ukemeo utapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Ukitegea ukemeo, mnong'ono utazama ndani ya mvumo wa rekoda yenyewe. Kwenye skrini ya F3 niliona wimbi la ukemeo limegonga juu na kukatika kama paa la mabati lililokatwa kwa msumeno, nikaanza kuwaza jinsi ya kumwomba mwigizaji arudie, naye alikuwa ameshalia machozi ya kweli. Nyumbani nilifungua faili kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, nikashusha kiwango, na wimbi lote likateremka likiwa zima. Kile kikwaruzo kidogo kooni mwake kabla hajamalizia neno la mwisho kilikuwepo. Hatukurudia tukio lile.

Lakini msikilize mtu aliyeitumia. Floti inalinda rekoda, hailindi maiki. Ukiisogeza maiki karibu mno na kitu kikali hadi yenyewe izidiwe, mpasuko utarekodiwa vizuri sana. Vilevile haipunguzi kelele hata chembe. Ukipandisha mnong'ono, unapandisha na friji, na redio ya jirani, na boda boda iliyosimama nje injini ikiwaka.

Na Nairobi ina kelele, jamani. Lang'ata na South C usipange tukio refu la nje bila kusikiliza kwanza, kwa sababu ndege ndogo za uwanja wa Wilson hupita chini, na moja ikiondoka nyingine inakuja. Alfajiri, ambayo kila mpiga picha anaipenda kwa mwanga wake, ndiyo saa ya ndege wanaoitwa kwarara kuruka wakipayuka kutoka mti hadi mti. Jumapili mtaani ni spika za makanisa mawili matatu kwa pamoja. Nyumba za mabati ni nzuri machoni, ila mvua ikianza kunyesha funga vifaa mnywe chai. Sisi tulipanga kupiga picha Februari, kabla masika hayajaingia Machi, na ningefanya hivyo tena. Kutembelea eneo la kupigia picha bila kamera, macho yamefumbwa, saa ile ile mtakayofanyia kazi, kunasaidia kuliko kifaa chochote nilichowahi kukodi.

Zima friji, na weka funguo za gari la produsa ndani yake. Hamtaondoka mkaisahau nyama ya mwenye nyumba iharibike.

Kuhusu maiki, nje nilitumia Rode NTG2 ikiwa na koti la manyoya la kuzuia upepo. Inaweza kujiendesha kwa betri yake ya AA au kwa umeme wa volti 48 unaotoka kwenye rekoda kupitia waya, na F3 inatoa umeme huo, ingawa betri zake nazo huisha haraka zaidi ukiutumia. Ndani ya vyumba vidogo vya sakafu ya simiti maiki hizi ndefu hazifurahishi. Zimeundwa kukata sauti za pembeni, ila sauti inayodunda ukutani na kurudi inazichanganya, na mwigizaji anasikika kama yuko ndani ya ndoo. Maiki fupi inayosikiliza mbele kwa upana mdogo inafaa zaidi, pamoja na blanketi nzito zilizotundikwa nyuma ya kamera na mkeka chini. Tulikodi mti wa kushikia maiki na nyaya kwenye duka fulani katikati ya jiji, na waya mmoja ulikuwa unakwaruza kila ukiguswa. Kwa hiyo nenda na rekoda na hedifoni zako hadi kaunta, chomeka kila waya, utikise, sikiliza, ndipo utume M-Pesa.

Mambo mengine ya F3 niyapitie haraka. Ikirekodi matundu yote mawili kwa kilohezi 48, ambacho ndicho kipimo cha video, saa moja inakula takriban gigabaiti 1.4, kwa hiyo kadi ya kawaida inatosha siku nzima. Matundu ni mawili tu. Tukio lenye waigizaji wanne, kila mmoja na maiki yake kifuani, linataka Zoom F6 yenye matundu sita, na hiyo ni afadhali uikodi kwa siku hiyo. Mwisho wa kila tukio rekodi ukimya wa chumba kwa dakika moja, watu wote wakiwa ndani bila kujongea. Ukimya huo ndio utakaoziba mapengo ya uhariri.

Sasa muziki.

Nilitaka nyatiti. Njia ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa kutafuta wimbo uliokwisharekodiwa, na hapo nikajifunza kuwa wimbo mmoja una milango miwili. Kuna utunzi, wa aliyeutunga au mchapishaji wake, na kuna rekodi, ya aliyelipia studio. Kuufunga wimbo kwenye picha kunahitaji ruhusa ya wote wawili, na ni afadhali iwe kwa maandishi. Leseni ambazo wenye baa na matatu hulipia kwa vyama vya kukusanya mirabaha ni za kucheza muziki mbele ya watu. Hazikupi haki ya kuuchukua wimbo ukauweka chini ya filamu yako, na nimesikia watu wazima wenye kampuni wakiamini vinginevyo.

Nilivutiwa na santuri za benga za miaka ya 1970, nikidhani umri umezifungua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi ya 1973 ulinzi wake uliisha pamoja na 2023. Utunzi, hata hivyo, unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi wa watunzi wale wako hai au wana watoto walio hai, na ni haki yao kulipwa. Tena tamasha likiwa Ulaya, muda wa huko unaweza kuwa tofauti.

Halafu kuna muziki wa bure mtandaoni, na hapa naomba uwe makini sana. Leseni za Creative Commons zinahesabu kuufunga wimbo na picha inayotembea kuwa ni kuutengeneza upya. Kwa hiyo wimbo wenye alama ya ND, yaani usiubadilishe, hauruhusiwi kwenye filamu kabisa, hata ukimtaja msanii kwa herufi kubwa. Wenye SA unataka filamu yako yote itolewe kwa leseni hiyo hiyo. Wenye NC unakufungia biashara. Ule wa BY peke yake ndio unaotumika kwa uhuru, mradi umtaje mwenyewe jinsi alivyoagiza. Kwa maktaba za kulipia kila mwezi, soma kama leseni inafika sinema na televisheni au inaishia kwenye mitandao. Kuna muziki mzuri huko, ila nyatiti niliyoisikia rohoni sikuipata.

Nikamfuata mzee mmoja anayepiga nyatiti, nikamweleza filamu. Sikumwomba apige wimbo wa jadi, kwa sababu tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii, na sikutaka kuingia kwenye swali la nani ana haki ya kuniruhusu. Nilimwomba atunge kipya. Alikubali, kisha akaiangalia ile rekoda mezani.

"Binti yangu, hiki kidogo hivi kitasikia hadi chuma cha kidoleni?"

Lilikuwa swali la fundi. Mpiga nyatiti huvaa oduong'o, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwayo hugonga mti wa chombo huku mikono ikichezea nyuzi nane. Mguuni huwa na gara zinazolia. Mlio wa chuma kikigonga mti ni mkali na mfupi kuliko ukemeo wowote wa mwigizaji. Niliweka maiki moja kuelekea nyuzi, kwa chini kidogo na mbali na mguu, na nyingine mdomoni kwake, tukiwa sebuleni kwake madirisha yamefungwa na godoro limeegemezwa ukutani. Alipoanza, vidole vikaenda, chuma kikaingia, na sikugusa chochote. Tuliposikiliza, alifumba macho, akasema, "Kipo." Kila mlio wa chuma ulikuwa mzima, na gara zilikuwa mbali kidogo nyuma, pale zinapotakiwa kuwa.

Makubaliano tuliyasoma pamoja kwa Kiswahili, mwanawe akiwepo. Utunzi unabaki wake. Rekodi ni ya filamu, naye ana ruhusa ya kuitoa na kuiuza kama wimbo wake. Filamu inaruhusiwa kuutumia popote duniani, kwenye sinema, matamasha, televisheni na mtandao, bila kikomo cha muda, na yeye yuko huru kuupa mtu mwingine utunzi huo. Akiwa mpigaji, ameridhia kurekodiwa. Nusu ya malipo kabla, nusu baada, na jina lake kwenye filamu liandikwe jinsi anavyoliandika mwenyewe. Sheria yetu inakubali ruhusa ya mdomo kwa leseni isiyo ya kipekee, yaani ambayo mwenye haki anaweza kuwapa na wengine, lakini kuhamisha haki yenyewe, au kutoa leseni ya kipekee, lazima iwe kwa maandishi yenye sahihi. Sisi tuliandika yote, maana matamasha hutaka kuona karatasi. Nimetayarisha pia orodha ya muziki inayoonyesha mtunzi na muda wa kila kipande, ili stesheni yoyote ikirusha filamu, mirabaha imfikie kupitia chama chake.

F3 naipa nyota nne na nusu. Nusu imebaki kwenye yale matundu mawili, maana siku ya mzee ningependa maiki ya tatu kwa ajili ya miguu peke yake. Kabla hujamlipa muuzaji, rekodi faili fupi uijaribu kwenye programu yako ya kuhariri. Resolve, Reaper na Audacity zinaisoma floti bila shida. Programu ya zamani huenda ikakuonyesha wimbi lililokatika na ikakataa kulirudisha, na hapo utakuwa umenunua rekoda ya kawaida kwa bei ya hii.