Daftari moja la watumiaji: ofisi ya Tanga inunue lipi?

Mwaka jana nilishinda siku mbili kwenye ofisi moja pale Chumbageni, nikizunguka kompyuta 14 moja moja, kisa karani mmoja kaacha kazi na paswedi zote zilitakiwa kubadilishwa. Nimemaliza tu, printa ikapewa anwani mpya. Nikaanza upya.

Huduma ya saraka inakuondolea mzunguko huo. Majina, paswedi, vikundi, hata anwani za printa na kanzidata vinakaa mahali pamoja, na kila programu inakwenda kuuliza hapo. Lugha ya kuulizia inaitwa LDAP, ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1993. Ukienda kununua programu ya mahesabu, muulize muuzaji kama inaongea LDAP. Akibabaika, shika mkoba wako.

Kwa ofisi ya watu 10 hadi 40, ya kwanza kwangu ni Samba, programu ya seva. Ni ya bure, na tangu toleo la 4 la Desemba 2012 inasimama mahali pa Active Directory, saraka ya Microsoft, Windows zisijue tofauti. Kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 8 na SSD inatosha. Pesa iliyobaki peleka kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Ila Windows Home haijiungi na domeni, yaani kundi la mashine zinazoongozwa na saraka moja, lazima iwe Pro, kwa hiyo zikague mashine zako kabla hujalipa fundi.

UPS sisemi kwa mapambo. Asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi, na mhasibu akagomewa kuingia ingawa paswedi ilikuwa sahihi. Tulihangaika mpaka saa sita. Kumbe kibetri cha saa cha mashine yake kimekufa, tarehe imerudi nyuma miaka. Kerberos, inayokagua wanaoingia, kwa kawaida haivumilii saa zikipishana zaidi ya dakika 5. Kibetri kile ni bei ya chai na chapati.

Ya pili ni Active Directory yenyewe, iliyokuja na Windows 2000. Mafundi wengi wanaijua, na hilo si dogo. Kinachouma ni leseni: unalipia seva, kisha unalipia tena kila mtumiaji au kila kifaa.

FreeIPA ni ya tatu, kama mashine zenu zote ni Linux. OpenLDAP naiweka ya nne, si kwa ubaya: ni nyepesi, lakini utajipangia kila kitu kwa mkono. Mwandishi wa programu anayetaka pa kuweka mipangilio tu ataipenda. Za kwenye wingu nawaachia wenye intaneti isiyoyumba.

Bajeti ikiruhusu, nunua mashine mbili ndogo badala ya moja kubwa, zinakiliane. Na kama ofisi iko Raskazone, usiziweke karibu na dirisha la baharini. Ile chumvi inakula bodi.